Mbolea ya moto: kuvu zinazopenda joto zikupikie maganda ya kahawa na kakao

Msimu wa kahawa ukifika, zunguka mashine za kumenyea kahawa kwenye miteremko ya Ruwenzori upande wa Mutwanga, au vilima vya Lubero karibu na Butembo, mashariki mwa Kongo. Utakuta maganda mekundu yamemwagwa chini, yanageuka meusi, nzi wamejaa, na maji yake ya kahawia yanateremka hadi kwenye kijito ambacho watu wanatekea. Ukishuka Mangina na Oicha, ni maganda ya kakao yaliyoachwa chini ya miti yanakoozea. Katika kilo 100 za kahawa mbivu, maganda mabichi hufika kilo 40 hivi. Kwa kakao, zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa tunda ni ganda, na ganda hilo lina potasi nyingi iliyotoka katika udongo wako. Ukilitupa, udongo unakuwa maskini, kisha unatoa pesa kununua mbolea ya dukani.

Mwongozo huu unakufundisha kuyageuza maganda hayo kuwa mbolea ndani ya miezi mitatu hivi, kwa joto linalotoka ndani ya lundo lenyewe. Hakuna dawa ya kununua. Unahitaji panga, uma au jembe, beseni, maji na uangalifu. Unaweza kuifanya nyuma ya nyumba, na hilo si jambo dogo kwa familia nyingi za Beni ambazo vita vimezitenga na mashamba yao ya mbali na sasa zinalima vipande vidogo karibu na mji.

Nani anafanya kazi ndani ya lundo?

Watu wa Beni wanajua biashara ya utomvu wa papai. Unapochanja papai bichi, maziwa yanayotoka yana papaini, na papaini ni kimeng'enya: hukata protini ya nyama mpaka nyama inalainika. Kuvu nazo hutoa vimeng'enya, ila vya kwao hukata miili ya mimea. Kuvu haina mdomo wala tumbo. Husambaza nyuzi nyembamba juu ya bua au ganda, hutema vimeng'enya nje ya mwili wake, vimeng'enya vinakata minyororo mirefu ya mmea kuwa vipande vidogo kama vile sukari, kisha kuvu inavifyonza.

Minyororo hiyo ni ya aina tatu. Selulozi ndiyo nyuzi zenyewe. Hemiselulozi inazishikanisha. Lignini ndiyo inayofanya mti uwe mti, na ndiyo ngumu kuliko zote. Bakteria wa kawaida hula haraka vitu laini, kama maji matamu ya ganda la kahawa, lakini mabua na nyuzi huwashinda. Hapo ndipo kuvu zinapohitajika.

Sasa sikiliza jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa. Kuvu nyingi tunazoziona kwenye mkate au muhogo hupenda ubaridi, na lundo likipata moto zinakufa. Kuna kundi dogo la kuvu zinazostawi katika nyuzi joto 40 hadi 55, na baadhi huendelea kuishi mpaka karibu 60. Mwaka 1899 mwanasayansi wa Urusi, Tsiklinskaya, aliikuta mojawapo kwenye kiazi kilichoguswa na udongo wa bustani. Leo inaitwa Thermomyces lanuginosus. Mwaka 1907 Mjerumani Hugo Miehe alieleza jinsi nyasi zilizorundikwa zikiwa na unyevu zinavyojipasha moto zenyewe, na kuvu zilizomo. Nyingine ni Chaetomium thermophilum na Rhizomucor miehei.

Hazifanyi kazi moja. Rhizomucor hufika mapema na kula sukari rahisi. Chaetomium inakata selulozi. Thermomyces haiwezi kukata selulozi. Yenyewe inakata hemiselulozi, na kimeng'enya chake cha kazi hiyo huenda kasi zaidi katika nyuzi 65 au 70, yaani joto ambalo kuvu yenyewe haiwezi kuota. Kuvu ikilala, kimeng'enya ilichokwisha kukitema kinaweza kuendelea kukata. Viwanda vimelitambua hilo zamani: tangu mwaka 1988 kimeng'enya cha kukata mafuta kilichotokana na Thermomyces kinatiwa katika sabuni za unga za kufulia.

Kwa hiyo kazi yako ni kulishika joto la lundo mahali ambapo wafanyakazi hawa wanaweza kuishi. Mengine yote katika mwongozo huu yanafuata hapo.

Tayarisha vitu

*Vikavu, vyenye kaboni nyingi:* mabua ya mahindi, matete, majani makavu ya migomba, makapi ya maharagi, maganda makavu ya kahawa kutoka mashine ya kukoboa, nyuzi za mawese.

*Vibichi, vyenye nitrojeni au sukari nyingi:* maganda mabichi ya kahawa, maganda ya kakao, maganda ya muhogo, magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya mikunde.

*Samadi:* ya mbuzi, kuku, nguruwe au ng'ombe. Ile ya simbiliki ni nzuri sana, na karibu kila jiko la kijijini linayo. Ifagie kila asubuhi, uiweke katika gunia.

*Mbegu ya kuvu:* beseni moja la mbolea ya lundo la zamani, au udongo mweusi wa chini ya majani yaliyooza. Kuvu hizi tayari zimo katika udongo na samadi, kwa hiyo usimpe mtu pesa zako kwa chupa ya kuamsha lundo.

*Usiweke:* plastiki, betri za tochi, chupa, mafuta, nyama, kinyesi cha watu wala cha mbwa. Majani ya mikaratusi yaweke kidogo sana, maana mafuta yake huzuia kuvu. Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa Butembo linafaa kwa kiasi: beseni moja katika kumi halitakudhuru, lakini lundo la vumbi tupu litakaa mwaka mzima bila kuiva, kwa sababu ni lignini nyingi na nitrojeni karibu hakuna.

> TAHADHARI: MIMEA MIGONJWA
> Mgomba wenye mnyauko wa bakteria usiubebe hadi kwenye lundo. Ukiubeba na kuukatakata, panga na mikono yako vinasambaza ugonjwa njia nzima. Uukate, uuache palepale, na panga ulipitishe motoni.
> Mkahawa uliokauka kwa trakeomikosi, ugonjwa ulioteketeza robusta ya Beni miaka ya 1990, ung'oe na uuchome palepale.
> Maganda ya kakao yaliyooza meusi unaweza kuyatumia, ila yaingie katikati ya lundo, kwenye moto, kamwe si pembeni. Hata hivyo ni bora kuliko kuyaacha chini ya miti, kwa maana kutoka pale ugonjwa hurudi mitini.

Jenga lundo kwa siku moja

Lundo linalojengwa kidogo kidogo, beseni leo na beseni wiki ijayo, halipati moto. Kusanya kwanza, kisha jenga siku moja.

1. Chagua mahali. Pawe na kivuli, pasituame maji, pawe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 hivi, na upande wa chini yake.

2. Chuja maganda ya kahawa. Yakitoka mashineni yamejaa maji. Yatandaze juu ya matete siku moja au mbili. Maji yanayotoka yaelekeze kwenye shimo, yasifike kijitoni.

3. Katakata. Mabua na matete yawe na urefu wa vidole vinne hadi kiganja. Maganda ya kakao yakate vipande sita au zaidi. Shina la mgomba lipasue na uliache linyauke, maana karibu lote ni maji. Kadiri vipande vilivyo vidogo, ndivyo nyuzi za kuvu zinavyopata mahali pengi pa kushika. Usisage kuwa unga, kwa sababu hewa haitapita.

4. Weka msingi. Tandaza vijiti vinene chini, unene wa kiganja, ili hewa iingie.

5. Panga matabaka. Kwa kipimo cha beseni: vikavu 3, vibichi 2, samadi 1. Kila tabaka lisizidi unene wa kiganja na nusu. Nyunyiza konzi kadhaa za mbegu ya kuvu kila tabaka, mwagia maji, endelea.

6. Fikia ukubwa. Upana mita 1.5 na kimo mita 1.5 ndio ukubwa mzuri, na urefu wowote. Urefu nao ukiwa mita 1.5, hiyo ni karibu magunia 25 hadi 30 yaliyojaa. Beni, mji ulio chini kidogo na wenye joto, lundo la mita 1 kila upande linaweza kutosha. Butembo iko juu ya mita 1,700 na usiku wake ni baridi: lundo dogo hapo hupoteza moto wake wote. Kama huna vitu vya kutosha, unganisha nguvu na jirani.

7. Pima maji kwa mkono. Chukua konzi kutoka katikati, ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitokea kati ya vidole, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Mkono ukibaki mkavu, mwagia.

8. Funika kwa majani ya migomba, unene wa kutosha kuzuia mvua na jua. Turubai inafaa wakati wa mvua kubwa tu, na ikae juu ya vijiti, isigande kwenye lundo.

Na maji gani? Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, nyumba, maduka na makanisa mengi yaliweka vyombo vya kunawia vyenye klorini. Desturi nzuri, ishikeni. Ila maji hayo usiyamwage kwenye lundo: klorini inaua kuvu kama inavyoua virusi. Maji yenye povu la sabuni pia yaende kwingine.

Soma joto

Hii ndiyo sehemu inayotofautisha mbolea na takataka zilizooza, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tafuta chuma cha ujenzi cha mita 1.5. Kichomeke hadi katikati ya lundo, kiache dakika 15, kitoe, uguse sehemu iliyokuwa ndani kabisa.

- Vuguvugu kama maji ya kuoga: chini ya 40. Kuvu za joto hazijaanza.
- Moto, lakini unaweza kukishika: 40 hadi 50. Hapa kuvu zinastawi.
- Unakishika na kukiachia mara moja: 55 hadi 60. Mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa vinakufa.
- Hukigusi kabisa, na mvuke unapanda: zaidi ya 65. Kuvu zinakufa au zinalala, bakteria wachache tu wanabaki, na nitrojeni yako inatoroka kama harufu kali ya amonia inayochoma macho.

Kama una mtoto au jirani anayesoma kilimo Chuo Kikuu cha Graben pale Butembo, mwombe aje siku moja na kipimajoto kirefu, mlinganishe na mkono wako. Baada ya hapo mkono utatosha.

Sasa, ratiba. Siku ya 2 au ya 3 lundo litapanda kwa kasi. Butembo pengine siku ya 4. Liache likae katika 55 hadi 60 kwa siku tatu, kisha geuza. Kugeuza maana yake ni kujenga upya: kilichokuwa nje kiingie ndani, cha ndani kitoke nje. Sababu yake ni kwamba katikati ya lundo na ngozi yake havina joto moja. Ngozi ya nje ni baridi, na mbegu za magugu zilizoko huko bado ziko hai. Geuza tena baada ya siku nne au tano, na mara ya tatu baada ya siku nyingine tano. Kila mara pima maji kwa kukamua, na ukiongeza, ongeza wakati wa kugeuza, si juu ya lundo lililokwisha kujengwa.

Baada ya mara ya tatu, chuma kitakuambia 45 au 50. Hapo weka uma chini. Wengi huendelea kugeuza kila wiki wakidhani wanaharakisha, kumbe wanakata nyuzi za kuvu wakati ule ule zinapoanza kazi ngumu ya mabua. Maharagi hayaivi kwa kufunuliwa sufuria kila mara. Liache lundo wiki tatu, ukipima joto na unyevu tu.

Ukitaka kuziona, bomoa upande mmoja wa lundo kwa mkono katika siku hizo. Kiganja kimoja ndani utakuta mkanda mweupe unaolifuata umbo la lundo, mahali ambapo hewa inaingia na joto halijazidi. Chukua bua la hindi lililo katika mkanda huo: lina nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, na ukilibana kwa vidole linagawanyika kwa urefu na kubaki nyuzi laini. Wiki mbili zilizopita bua hilo lilikuwa linakata mkono. Hivyo ndivyo vimeng'enya vinavyokata gundi kati ya nyuzi.

Weupe huo usikutishe. Wako wanaodhani lundo limeharibika na kulimwaga. Lakini tofautisha: weupe wenye unyevu ni mzuri, na weupe wa kijivu ulio mkavu, unaopeperuka kama majivu, unakuambia lundo limekauka. Mwagia maji kabla hujafanya lolote lingine.

> LINDA MAPAFU
> Pamoja na kuvu nzuri huishi nyingine inayostahimili joto, Aspergillus fumigatus. Vumbi lake likiingia mapafuni mwa mtu dhaifu linaweza kumletea ugonjwa mkubwa.
> 1. Nyunyizia maji lundo kabla ya kulifungua.
> 2. Simama upande upepo unakotoka.
> 3. Funga pua na mdomo kwa barakoa, au angalau kitambaa kizito.
> 4. Mwenye kifua kikuu au aliyewahi kuugua, mwenye pumu, mwenye VVU, na watoto wadogo wasigeuze lundo wala wasisimame karibu.
> 5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Makosa yanayoonekana kila siku

*Lundo halipati moto.* Ni dogo, ni kavu au halina samadi. Bomoa, changanya upya na samadi mbichi, mwagia, jenga kubwa zaidi.

*Linanuka kama yai bovu.* Maji mengi, hewa hakuna. Hili hutokea sana kwa maganda mabichi ya kahawa yasiyochujwa, maana yanagandana kama tope. Geuza siku hiyohiyo, ongeza mabua makavu.

*Linanuka amonia.* Samadi imezidi, au moto umezidi. Geuza, ongeza vikavu, punguza kimo.

*Majivu mengi.* Mtu anafagia jiko na kumwaga yote juu ya lundo. Majivu yakikutana na samadi hufukuza nitrojeni hewani. Konzi moja kwa tabaka yatosha. Mengine yapeleke moja kwa moja kwenye migomba.

*Maganda makavu ya kahawa yamerundikwa ghalani yakiwa na unyevu.* Hii ni hatari ya moto wa kweli. Lundo kubwa la vitu vilivyokauka nusu linaweza kujipasha mpaka likafuka moshi. Usilirundike karibu na ukuta wa mbao wala paa la nyasi.

Limeiva?

Baada ya zile wiki tatu, joto litashuka hadi lilingane na hewa. Liache lipumzike wiki nne hadi sita zaidi, limefunikwa. Usiharakishe hatua hii kwa maganda ya kahawa. Yana kafeini na tanini zinazodumaza miche, na zinahitaji muda huu zivunjwe. Kimo cha lundo kitakuwa kimepungua karibu nusu.

Kagua:

☐ Rangi ni kahawia nzito au nyeusi, na harufu ni ya udongo wa msituni baada ya mvua.
☐ Huwezi kutambua ganda la kahawa. Vipande vichache vya mabua vinavyobaki vinavunjika kwa vidole.
☐ Ukigeuza na kumwagia, halipati moto tena.
☐ Konzi iliyolowanishwa na kufungwa katika mfuko siku tatu haitoi harufu mbaya ukiufungua.
☐ Mbegu 10 za lengalenga au maharagi zilizopandwa katika mbolea iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo zinaota sawa na 10 zilizopandwa katika udongo mtupu.

Jaribio la mbegu usiliruke. Zikiota chache au zikawa za manjano, rudisha mbolea chini ya kifuniko wiki mbili, kisha jaribu tena.

Kuitumia

Kwa mboga, tandaza kilo 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba na uchanganye na udongo wa juu. Kwa mgomba mpya, kilo 20 katika shimo. Kwa mkahawa au mkakao uliokomaa, kilo 5 hadi 10 kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua, kwa mzunguko chini ya ncha za matawi ambapo mizizi midogo iko. Usiirundike kwenye shina. Ifunike mara moja kwa matete au majani makavu, maana jua na mvua ya mteremkoni vitaichukua. Na kabla hujamaliza lundo, toa magunia mawili uyaweke kivulini, yawe na unyevu kidogo: ndiyo mbegu ya kuvu kwa msimu ujao wa kahawa.